Mafuta ya karafuu, kipimo kile kile: mbona safari hii yamemchoma mteja?

BARUA

Asalaam alaikum, ndugu washauri.

Nina chumba kidogo cha kusinga na kukanda hapa Tanga. Wateja wangu wengi ni maharusi na akina mama wenye migongo ya kuuma. Kwa miaka mitatu mafuta ya kukandia nayachanganya kwa kipimo kimoja: nusu lita ya mafuta ya nazi na vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya karafuu. Hayajawahi kumdhuru mtu.

Mwezi uliopita duka ninalonunulia liliishiwa, nikamwagiza mtu aliyekuwa anatoka Pemba aniletee. Akaja na chupa nyeusi ya ml 50, bei yake mara kadhaa ya ile niliyoizoea. Nikachanganya kama siku zote. Mteja wa kwanza niliyempaka, hata dakika tano hazikufika, akaanza kulalamika kwamba mgongo unawaka. Nikammwagia maji baridi, akasema ndiyo kwanza moto unazidi. Mgongo mzima ukawa mwekundu, ingawa haukutoa malengelenge. Sasa anasema nilimpaka mafuta ya bandia.

Nikaingia mtandaoni kutafuta maelezo, nikatoka nimechanganyikiwa zaidi. Wanaandika "mafuta muhimu". Muhimu kwa nini? Wanaandika "mafuta ya mtoa huduma", "jasmini kabisa", hidrosoli, kemotaipu, "noti ya juu". Chupa yangu ya zamani imeandikwa Clove Oil, na chini kwa herufi ndogo: Cocos Nucifera Oil, Parfum, Eugenol. Hii mpya imeandikwa Clove Bud Oil, Syzygium aromaticum, steam distilled, 100%. Ipi ni feki? Haya maneno mtu ayaeleweje? Na chupa mpya niitupe?

Mama Singo, Tanga

JIBU

Wa alaikum salaam, Mama Singo.

Usiitupe. Chupa mpya ndiyo yenye mafuta halisi ya karafuu, na yamemchoma mteja kwa sababu yalikuwa mengi mno. Ile ya zamani ni mafuta ya nazi yaliyotiwa harufu. Jina ni moja, lakini ni vitu viwili tofauti, na kipimo kinachokifaa kimoja hakiwezi kukifaa kingine.

Kwanza mteja. Maji baridi hayakusaidia kwa sababu mafuta haya hayayeyuki kwenye maji, kwa hiyo maji matupu hayayaondoi mwilini. Ikitokea tena, futa kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha osha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, mara mbili tatu, mpaka ngozi isiteleze. Yakiingia jichoni, maji safi yatiririke juu ya jicho kwa dakika zisizopungua 15, kisha hospitali. Kama ngozi ya mteja wako bado ni nyekundu, au imetoa malengelenge baadaye, aende kituo cha afya na chupa aende nayo.

Sasa tuje kwenye maneno, maana chanzo cha ajali hii ni neno. Kiswahili kina "mafuta" na basi: ya taa, ya kula, ya nazi, ya karafuu. Watu wa fani hii wanatenganisha. Kuna mafuta mazito yanayokamuliwa kwenye mbegu na tunda, kama nazi, ufuta na alizeti. Hayo ukiyadondosha kwenye kanga, doa linabaki mpaka ufue. Na kuna mafuta yanayobeba harufu ya mmea, ambayo huruka hewani yenyewe. Haya ya pili hupatikana hasa kwa kukeneka: mvuke unapitishwa kwenye majani, maua au magome, unatoka na harufu, unapoozwa, na kwenye chombo cha kupokelea maji na mafuta yanajitenga. Tuyaite mafuta ya mvuke.

Hayo ndiyo yanayotafsiriwa "mafuta muhimu", na tafsiri hiyo ni makosa. Neno la Kiingereza "essential" hapa halina maana ya umuhimu. Linatokana na neno la Kilatini essentia, yaani kiini, na lina mizizi katika mawazo ya watu kama Paracelsus, tabibu wa Ulaya wa karne ya 16, walioamini kwamba kila mmea una kiini kinachoweza kutolewa. Ukiona "mafuta muhimu", soma "mafuta ya kiini". Hakuna mwili unaoyahitaji kama unavyohitaji chumvi au maji. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9235, kinachofafanua istilahi za malighafi hizi, kinayapa jina hilo yale tu yaliyopatikana kwa kukenekwa kwa maji au mvuke, kwa kukenekwa kukavu (bila maji wala mvuke), au kwa kukamuliwa kwenye maganda ya jamii ya machungwa. Kilichotolewa kwa kemikali ya kuyeyushia kina jina lake jingine.

"Mafuta ya mtoa huduma" nayo ni tafsiri ya mashine. Ni mafuta mazito tu, yale ya kuchanganyia, yanayobeba mafuta ya mvuke hadi kwenye ngozi. Kwako ni nazi. Sema mafuta ya kuchanganyia, kila mtu atakuelewa.

Turudi kwenye chupa ya zamani. Orodha ya viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, ingawa vile visivyofika asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote mwishoni. Cocos Nucifera ni mnazi, na ndiyo imeongoza. Parfum ni manukato, mchanganyiko ambao mtengenezaji halazimiki kuutaja kwa undani. Eugenol, yaani yujenoli, ndiyo kemikali inayoipa karafuu ukali wake, lakini kutajwa pale hakumaanishi kwamba ipo nyingi. Sheria za vipodozi za Umoja wa Ulaya zinataka itajwe kwa sababu inaweza kuleta mzio, hata ikiwa ni asilimia 0.001 tu kwenye kipodozi kinachobaki mwilini. Kwa hiyo kwa miaka mitatu ulikuwa unachanganya nazi na nazi yenye harufu. Ndiyo maana hakuna aliyeumia.

Chupa mpya inataja vitu vinne, na hivyo vinne ndivyo vya kudai kwenye chupa yoyote. Cha kwanza ni jina la Kilatini, Syzygium aromaticum. Ukikuta Eugenia caryophyllata au Eugenia caryophyllus usishtuke, ni majina ya mkarafuu ule ule. Cha pili ni sehemu ya mmea, na "bud" ni tumba, ile karafuu yenyewe. Cha tatu ni njia iliyotumika, hapa mvuke. Cha nne ni kiasi: asilimia 100 maana yake hayajachanganywa na kitu. Haina maana ya "salama asilimia 100".

Sasa piga hesabu. Kijiko cha chakula ni ml 15, kwa hiyo viwili ni ml 30. Ndani ya jumla ya ml 530, hiyo ni takriban asilimia 5.7. Mwongozo wa usalama unaofuatwa na wengi katika fani hii unaweka kikomo cha mafuta ya tumba la karafuu kwenye ngozi kuwa asilimia 0.5. Mteja wako alipakwa zaidi ya mara 11 ya kikomo, mgongo mzima, huku ukisugua.

Kipimo sahihi kwa nusu lita yako ni ml 2.5, yaani nusu kijiko cha chai. Kwa chupa ya ml 100 ni ml 0.5. Nunua sirinji ya ml 1 duka la dawa, utumie bila sindano. Kuhesabu matone kunadanganya: vitabu husema ml 1 ni matone 20, lakini kulingana na mdomo wa chupa na uzito wa mafuta yanaweza kufika hata 40. Ukilazimika kuhesabu, kwanza dondoshea matone ndani ya sirinji yako mpaka yafike alama ya 1, uandike idadi kwenye chupa hiyo. Idadi hiyo ni ya chupa hiyo tu.

Mchanganyiko uliobaki unaweza kuuokoa. Kwa kila ml 100 zake, ongeza lita 1 na ml 50 za mafuta ya nazi. Hapo utakuwa umeshuka hadi karibu asilimia 0.5. Kama nazi imeganda kwa baridi ya asubuhi, weka chombo chake kwenye maji ya moto iyeyuke yote, iache ipoe hadi vuguvugu, ndipo utie karafuu na kukoroga vizuri. Ukitia kwenye nazi iliyoganda nusu, karafuu inakusanyika sehemu moja, na mteja atakayepakwa sehemu hiyo ataungua hata kama kipimo cha jumla ni sahihi. Ukitia kwenye nazi ya moto sana, harufu inaishia hewani. Tunza kwenye chupa ya kioo yenye rangi nyeusi. Mafuta haya yakiwa makali hulainisha baadhi ya plastiki na kuufanya mpira wa kitoneshi uvimbe na kunata, na yakigusana na chuma hubadilika rangi kuwa meusi.

Ya kupima nyumbani yapo mawili, na yote ni rahisi. Mimina maji kwenye glasi nyeupe, dondosha tone moja la mafuta. Likibaki juu ya maji kama kisahani kidogo, lisukume kwa kijiti cha meno. Mafuta ya karafuu ya mvuke ni mazito kuliko maji, kwa hiyo tone litakatika, lizame kama shanga ya manjano, likae chini. Nazi yenye harufu itaelea hata ukiisukuma mara kumi. Kipimo hiki kinafaa karafuu na mdalasini, lakini usikitumie kwa mchaichai wala mkaratusi, kwani hayo huelea hata yakiwa halisi. Pili, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, uiache hadi kesho yake au keshokutwa. Mafuta ya mvuke yataondoka na kuacha alama hafifu au yasiache kabisa. Yaliyochanganywa na mafuta mazito yataacha doa linalopitisha mwanga, kama karatasi ya kufungia maandazi.

Vipimo hivi havitakuambia kama tumba limechanganywa na makonyo. Makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, nayo hukenekwa. Pemba kuna kiwanda cha kazi hiyo Wawi, Chake Chake. Mafuta ya makonyo na ya majani ni halali kabisa na yana yujenoli nyingi, ila harufu yake ni kavu zaidi na bei yake chini. Shida ni yanapouzwa kwa jina na bei ya tumba. Cha kuyatofautisha ni kipimo cha maabara, ambacho kwenye vyeti huandikwa GC/MS: mashine inatenganisha kila kemikali na kutoa asilimia yake. Tumba huwa na kemikali iitwayo asetati ya yujenoli ya kutosha, makonyo na majani yana kidogo sana. Ukinunua kwa lita, mdai muuzaji cheti chenye namba ya bechi ile ile iliyo kwenye chupa. Cheti cha bechi nyingine hakikuhusu. Na ukiona maneno "therapeutic grade", yaani daraja la tiba, ujue hakuna mamlaka inayotoa daraja hilo. Ni maneno ya muuzaji.

Sehemu ya mmea ina uzito mkubwa zaidi kwenye mdalasini. Mafuta ya jani la mdalasini yamejaa yujenoli, tabia zake zinakaribia karafuu, na kikomo chake ni asilimia 0.6. Mafuta ya gome yana kemikali nyingine, sinamaldehidi, na kikomo kinashuka hadi asilimia 0.07: kwenye ml 100 ni ml 0.07 tu. Tunakushauri gome usilitumie kabisa kwenye kukanda. Mchaichai ni asilimia 0.7. Ndimu inategemea njia: mafuta yaliyokamuliwa kwenye ganda yana kemikali zinazoifanya ngozi iungue juani na kuacha mabaka meusi. Yapakwe chini ya asilimia 0.7, au ngozi iliyopakwa isikae juani hadi kesho yake. Ndimu ya mvuke haina tatizo hilo. Chupa mbili, jina moja, ndimu ile ile.

"Jasmini kabisa" ni tafsiri ya neno "absolute", ambalo ni jina la kitu. Jasmini ni asumini, na asumini haivumilii mvuke, maua yake yanaharibika. Kwa hiyo huloweshwa kwenye kiyeyushi kama heksani, inapatikana nta yenye harufu inayoitwa konkriti, nta hiyo inaoshwa kwa alkoholi, alkoholi inaondolewa, kinachobaki ni absoluti. Ni nzito, ina rangi, ni ghali sana. Akikuuzia mtu chupa ya "asumini steam distilled" kwa bei ya mchaichai, mrudishie. Mlangilangi kinyume chake hukenekwa, tena kwa saa nyingi, na kule Komoro mafuta yake hukatwa kwa awamu: ya mwanzo kabisa huitwa ekstra, halafu daraja la kwanza, la pili na la tatu. Ekstra ndiyo ya manukato ya bei. La tatu huishia zaidi kwenye sabuni, na kwa sabuni hakuna haja ya kulipia ekstra.

Hidrosoli unaijua tangu utotoni. Ni yale maji yanayobaki kwenye chombo cha kupokelea baada ya mafuta kutengwa. Marashi ya mawaridi ya kwenye mrashi, yale yanayokenekwa Jebel Akhdar kule Oman, ni hidrosoli. Mengi yanayouzwa madukani ni maji yaliyotiwa manukato, na neno "parfum" kwenye lebo litakuambia. Hidrosoli ya kweli isiyo na kihifadhi huota ukungu, kwa hiyo ikae kwenye friji, na ukiona nyuzinyuzi zinaelea ndani, imwage.

Kemotaipu, iliyofupishwa "ct.", ni pale mmea mmoja wenye jina moja la Kilatini unapotoa kemikali tofauti kulingana na mbegu na mahali. Ocimum gratissimum, ambao kwingine huitwa kivumbasi na kwingine mrehani, una aina yenye yujenoli nyingi na aina yenye thimoli nyingi. Kwa macho ni mmea ule ule. Noti ya juu, ya kati na ya chini ni lugha ya watengeneza manukato: ya juu inanukia kwanza na kutoweka haraka kama ndimu, ya chini inakaa kama sandali. Haihusu usalama.

Na kama unatumia liwa, yaani msandali: chupa iliyoandikwa "East African Sandalwood" ni Osyris lanceolata, si ule msandali wa India, Santalum album. Kenya ilipiga marufuku kuuvuna mwaka 2007, na tangu 2013 biashara yake kutoka nchi zetu iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa kuwa unang'olewa hadi mizizi. Omba hati kabla ya kununua, au acha.

Kuna maneno mawili ambayo wewe hasa unapaswa kuyatenganisha: mwasho wa kuungua na mzio. Mwasho unakuja ndani ya dakika, unabaki palepale palipopakwa, na ukipunguza kipimo hautokei. Ndicho kilichompata mteja wako, kwa unavyoeleza. Mzio huja baada ya siku moja au mbili, unaweza kusambaa hadi sehemu ambazo hukuzigusa, na mwili ukishaujenga hausahau: hata asilimia 0.1 inaweza kumwasha, leo na miaka kumi ijayo. Mafuta makali yanayopakwa bila kuchanganywa huongeza hatari ya kufika huko, ndiyo sababu hatukubaliani na wanaoshauri kupaka mafuta ya karafuu matupu kwenye ngozi.

Usimpake karafuu bi harusi aliyeondolewa nywele mwilini siku hiyo, wala mwenye michubuko, kwani ngozi iliyofunguka hunyonya zaidi. Sehemu za siri na uso uviache. Mjamzito na mtoto chini ya miaka miwili wasipakwe. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini, aulize daktari wake kwanza, maana yujenoli nayo hupunguza kuganda kwa damu. Na chupa ikae juu, mbali na watoto. Vijiko viwili vya chai vya mafuta ya karafuu vikimezwa na mtoto mdogo vinaweza kumfanya apoteze fahamu na kuharibu ini lake. Akimeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali na chupa mkononi.

Mteja wako mwache mpaka ngozi irudi kawaida kabisa. Siku atakayokubali kurudi, siku mbili kabla mpake nazi tupu kwenye kiwiko cha mkono mmoja kwa ndani, na mchanganyiko wa asilimia 0.5 kwenye kiwiko cha pili. Afunike kwa plasta bila kulowanisha kwa saa 48. Mkono wa nazi ukiwasha, tatizo ni nazi au plasta. Ukiwasha wa karafuu peke yake, mkande kwa nazi tupu. Na chupa yako mpya ibandike karatasi leo, uandike kwa kalamu isiyofutika: "Karafuu tumba, mvuke. Nusu kijiko cha chai kwa nusu lita."